Posa Yangu Ndani ya Chumba cha Vioo cha Mzee Sospeter

Siku niliyokwenda kuposa, mshenga wangu alivua shati mbele ya wakwe.

Sisemi alilegeza tai. Alivua shati zima, akabaki na singlendi, akaegemea ukuta wa kioo kama mtu aliyefika Coco Beach, huku mkwe mtarajiwa amekaa mbele yake anamtazama.

Na msidhani alikuwa amelewa. Mtu huyo ni nesi, tena wa ICU, na asubuhi ile hakuwa amegusa hata soda.

Tulieni niwaeleze, maana watu wa huku Dallas wameizungusha hii habari mpaka imefika Houston ikiwa na mkia usiokuwa wake. Mimi ndiye niliyekwenda kuposa. Isikieni kwangu.

Ilikuwa Februari, 2018. Naitwa Elibariki, naishi Euless, nafanya kazi ofisi ya mizigo ya ndege jirani na uwanja. Nilikuwa nimempenda Avelina, binti wa Bukoba aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni moja ya kompyuta kule Richardson. Mimi na yeye tulishakubaliana kila kitu.

Kilichobaki kilikuwa ni baba yake mkubwa.

Baba mzazi yuko Bukoba, na alishatoa msimamo wake kwa simu. "Kaka yangu yuko huko huko Marekani. Akikubali yeye, nimekubali. Akikataa, usinipigie tena kwa habari hiyo."

Kwa hiyo maisha yangu yote yalikuwa mikononi mwa Mzee Sospeter wa Cedar Hill.

Sasa, Mzee Sospeter ni mtu wa tai. Jumatatu tai, Jumamosi tai, akienda kununua mkaa wa kuchomea nyama, tai. Na mwaka uliotangulia alikuwa amejenga chumba cha vioo nyuma ya nyumba yake. Kuta vioo, mlango kioo, paa kioo. Yeye alikiita sunroom, na alikitaja vile watu wengine wanavyomtaja mtoto aliyeingia udaktari.

Kwenye kundi letu la WhatsApp tulichoka. Chumba asubuhi. Chumba na mvua. Chumba na Mzee ndani yake, amekunja nne, anasoma gazeti. Mtu akifiwa tunaandika pole, Mzee anaandika pole pia, halafu anatuma picha ya chumba.

Shida ni moja, na ninyi mnaoishi Texas mnaijua. Hali ya hewa ya hapa haina msimamo. Asubuhi unatoka na koti zito, mchana unatafuta kaptura, jioni unalirudia koti. Nyumba ya matofali inavumilia vurugu hizo. Chumba cha vioo hakivumilii chochote: jua likitoka kinaiva, upepo wa kaskazini ukishuka kinakuwa friji.

Na Mzee hakukisaidia. Mapazia hakuweka, eti yanaficha vioo. Feni hakuweka, eti inaharibu mandhari ya mawingu. Madirisha ya juu, yale ya kutolea joto, yalivuja kidogo wakati wa mvua, naye akayaziba yote kwa silikoni. Kiyoyozi cha nyumba hakikufika huko. Alichoweka ni hita za umeme tu, kwa ajili ya siku za baridi.

Avelina alinipigia siku moja kabla.

"Eli, please, usivae ile suti ya sufi."

"Mbona? Si ndiyo nzuri?"

"Baba mkubwa anataka kuwapokelea sunroom."

"Sasa hiyo si heshima kubwa?"

"Haya. Ila uje ume-hydrate, maji ya kutosha mwilini."

Nilicheka. Nikadhani ni mambo yake ya mazoezi.

Sasa kuhusu mshenga. Ndugu zangu wote wako Moshi. Mzee Gelasius wa kanisani ndiye aliyekuwa anisindikize, dakika za mwisho akaitwa Houston kwa msiba. Nikabaki na Mama Apolonia, mama wa kanisani aliyenichukua kama mwanawe tangu nifike nchi hii, na rafiki yangu Elkana.

Elkana ni Mkenya wa Eldoret. Roho yake ni safi kabisa, ila Kiswahili chake huwa kinaingia bila kupiga hodi. Nilijua hilo, na nikamfanya mshenga. Nilikuwa sina mwingine.

Ndani ya gari Mama Apolonia akampa darasa.

"Elkana mwanangu, kule tunakwenda kuomba mke. Ukifika, sema shikamoo."

"Shikamoo tena? Mama, mimi ni mtu mzima."

"Sema shikamoo. Ukiulizwa safari, ilikuwa njema. Ukionyeshwa kitu, kisifie."

"Hata kama ni mbaya?"

"Kikiwa kibaya unakisifia zaidi."

"Na ukweli nitasema lini?"

"Baada ya harusi."

Elkana akanitazama kwenye kioo cha ndani. "Buda, nyinyi Watanzania mtakufa mkisema asante."

Kazi yangu mimi ilikuwa rahisi: kukaa kimya. Mposaji haongei, anaongelewa.

Tulifika Cedar Hill nyasi bado zina barafu. Makoti tumeyafunga mpaka kidevuni. Mzee akatupokea mlangoni, suti, sweta ndani ya suti, tai juu ya shati. Tukapita sebuleni. Sebule ilikuwa nzuri, ina makochi, ina joto la kiasi. Hatukukaa. Tukapelekwa moja kwa moja hadi kwenye vioo.

Hita zilikuwa zimewashwa tangu alfajiri. Nisiwe mnafiki, mwanzoni palikuwa patamu.

Mkewe, Mama Queen, alikuja kutusalimia. Aliishia kwenye kizingiti. Akanyoosha mkono akatusalimia mmoja mmoja, miguu yake ikabaki upande wa nyumba.

"Karibuni sana. Mimi niko jikoni."

Ningekuwa na akili timamu ningejiuliza kwa nini mwenye nyumba haingii chumba chake mwenyewe. Lakini mapenzi yalikuwa yamenijaa kichwani.

"Hapa," Mzee akasema akizungusha mkono, "mnaona mawingu, mnaona ndege, mnaona mpaka majirani."

"Na majirani wanatuona," Elkana akasema.

Mama Apolonia akamkanyaga.

Kikaja kikapu kidogo cha kahawa kavu za kutafuna, zile za Bukoba. Mzee akatugawia.

"Kwetu mgeni anatafuna kwanza. Maji yanakuja neno lake likishapokelewa. You see, hiyo ndiyo mila."

Tukatafuna. Kahawa ile ni kavu na ina uchungu, na ukishaitafuna ulimi unabaki unatafuta maji kila kona ya mdomo. Hakukuwa na maji. Kulikuwa na mila.

Hapo ndipo jua lilipotoka.

Mawingu yote yaliondoka kwa mpigo. Barafu ya kwenye nyasi ikaisha tunaiona. Humo ndani, hita zinachemsha kutoka chini, jua linachoma kutoka juu, na Mzee kasimama katikati anaeleza historia ya ukoo wao kuanzia kwa babu wa babu yake.

Nilihisi jasho linashuka mgongoni taratibu. Suti yangu ya sufi ikaanza kuniwasha kila mahali. Ukivua koti ni sawa na kusema pana joto, na kusema pana joto ni kukitia dosari chumba, na ukikitia dosari chumba, mke huna. Nilifanya hesabu hiyo nikabaki na koti langu.

Mama Apolonia naye hakuvua lake. Poda ya usoni ilikuwa imeanza kuchora njia kuelekea shingoni.

"Mnaonaje hapa?" Mzee akauliza. "Pametulia?"

"Pametulia mno, baba," Mama Apolonia akajibu, sauti imekwama. "Mtu hatamani hata kuondoka."

Mzee mwenyewe alikuwa anajifuta paji la uso kwa leso. Akafuta, akafuta tena. "Mafua haya," akasema. Hakuvua koti wala kulegeza tai. Tukawa watu wazima wanne kwenye sanduku la kioo, kila mmoja anasubiri mwenzake afe kwanza.

Historia ya ukoo ikafika mwisho. Mzee akaketi, akampa Elkana nafasi.

Elkana akasimama. Alianza vizuri, nampa haki yake. "Mzee wetu, shikamoo tena. Sisi tumetoka mbali. Tumesikia kwa hii boma kuna ua, na huyu kijana wetu..."

Akatazama juu, kwenye paa. Akatazama hita. Akamtazama Mama Apolonia, ambaye macho yalikuwa yameanza kufunga yenyewe.

"Mzee," akasema, "hilo ua kama lingekuwa humu ndani, saa hii lingekuwa limekauka."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Unasemaje, kijana?"

"Na heshima zako zote, mzee, mimi ni nesi. Hapa tunaiva. Mama huyu ako karibu ku-faint. Wewe mwenyewe umebadilika rangi na si mafua. Hii si sunroom, hii ni oven." Na hapo ndipo alipotupa koti, akafungua vifungo, akavua shati, akaenda kuegemea kioo. "Afadhali nionekane mjinga nikiwa hai."

Hata hita nilizisikia.

"Unaitukana nyumba yangu," Mzee akasema polepole.

"Siitukani, mzee. Naieleza tu vile iko."

Mzee Sospeter akasimama. Akajifunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka. Akaonyesha mlango.

"Naona hamkuja kuoa. Mmekuja kukagua nyumba. Nadhani tumemaliza."

Nikageuka. Avelina alikuwa upande wa pili wa kioo, mlangoni mwa jikoni, mkono mdomoni, machozi yanamlengalenga. Nilimwona anaondoka kwenye maisha yangu kwa sababu ya joto. Moyo uliniuma mpaka nikasahau kwamba mposaji haongei.

"Baba!" nikapiga magoti pale pale sakafuni. Vigae vilikuwa vya moto. "Baba, msamehe huyu. Kwao ni baridi, hajazoea. Mimi sijawahi kukaa mahali pazuri hivi tangu nije Marekani."

Mzee akanitazama.

Nilipaswa kuishia hapo. Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nikaendelea.

"Jua hili, baba, la moja kwa moja! Bila pazia! Bila feni! Linanikumbusha nyumbani. Mungu akinijalia nyumba yangu na Avelina, kitu cha kwanza nitakachoomba ni chumba kama hiki hiki. Kama kilivyo. Bila kubadilisha kitu."

"Kama kilivyo?" Sauti ya Mzee ilikuwa imelainika.

"Kama kilivyo, baba."

Macho yake yakalowa. Naapa halikuwa jasho.

"Mama Queen!" akaita. "Mama Queen, umesikia? Nilikwambia siku moja atatokea wa kunielewa! Lete maji. Neno limepokelewa."

Vigelegele vikapigwa kutoka jikoni, ambako kulikuwa na hewa. Mama Apolonia alikunywa jagi zima bila kuuliza la nani.

Tukatoka uani kupiga picha, tumelowa chapachapa, tunacheka. Na Texas haikutaka tucheke sana. Upepo wa kaskazini ukashuka ghafla, ule unaokuja bila hata kukohoa. Meno yakaanza kugongana. Mzee akaturudisha kwenye chumba chake tule chakula, na chumba kilikuwa kimeshageuka jokofu, maana alikuwa amezima hita kwa furaha. Mvuke wa jasho letu la mchana ulikuwa umegeuka maji kwenye paa, sasa unatudondokea vichwani tone kwa tone tukila ndizi na maharage.

Nilikula nikitabasamu. Nimepata mke.

Avelina alitusindikiza hadi kwenye gari.

"Ile ya maji kusubiri neno," akaninong'oneza, "hakuna mila kama hiyo. Bukoba nzima sijawahi kuisikia. Ameitunga hapa hapa Cedar Hill."

"Basi yamepita."

"Na ile ya 'kama kilivyo' wewe umeitungia wapi?"

"Nilikuwa naokoa ndoa yetu."

"Sawa," akasema. Alinitazama vile daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekataa dawa.

Tulioana mwaka uliofuata. Tukanunua kijumba Euless. Siku ya harusi ukumbi ulikuwa umejaa, muziki umepamba moto, na wakati wa zawadi Mzee Sospeter akaomba maiki.

"Wengi mnakuja kwangu, mnakunywa chai yangu, mnasifia kwa mdomo," akaanza. "Huyu kijana alipiga magoti. Kwa machozi. Akasema ndoto yake ni kuwa na sunroom kama yangu. Leo, mbele yenu, mimi baba yake, natangaza kwamba namjengea."

Ukumbi ukalipuka. Mama Apolonia alipiga vigelegele kuliko watu wote, na nilipomtazama nikaona anacheka mpaka anashika meza.

Elkana akaniinamia sikioni. "Manze, ulisema bila feni?"

Mafundi walikuja kabla hata hatujamaliza kufungua zawadi nyingine. Nikajaribu kujiokoa.

"Baba, nilikuwa nafikiria, labda tuweke na pazia dogo upande huu wa magharibi..."

"Hapana." Akaniwekea mkono begani. "Usiogope, sitakupunguzia kitu. Nakumbuka kila neno lako. Bila pazia, bila feni, kama kilivyo."

Kikasimama. Hatua chache kutoka jikoni, kinang'aa, kinatazama magharibi.

Sasa sikieni kitu kilichonivunja kabisa.

Kiangazi kile tulikwenda Cedar Hill kumsalimia. Nje lami inanata viatuni. Tukaongozwa kwenye chumba chake cha vioo, nikavuta pumzi ya mwisho kama mtu anayezamia. Nikaingia.

Palikuwa na ubaridi mtamu.

Feni inazunguka darini. Madirisha ya juu yamekwanguliwa silikoni, yako wazi. Vioo vya magharibi vimebandikwa tinti kama ya gari, na mapazia meupe yamevutwa nusu. Ukutani kuna kiyoyozi kidogo cha chumba hicho peke yake, cha kupoza wakati wa joto na kupasha wakati wa baridi. Mama Queen ameketi humo ndani, miguu juu ya stuli, anachambua mchicha.

Na kwenye kiti cha heshima, na glasi ya maji ya barafu, alikuwa Elkana.

"Huyu mwanangu," Mzee akasema akimpigapiga begani, "baada ya ile posa sikulala. Nikampigia. Nikamwambia rudi unieleze vizuri. Akaja, akanionyesha kosa moja baada ya jingine. Watu wote walikuwa wananidanganya, unajua? Miezi yote ile mke wangu anakaa jikoni, mimi najiuliza kwa nini. Huyu peke yake ndiye aliyeniheshimu akaniambia ukweli."

Elkana akainua glasi yake kunisalimia.

"Lakini wewe," Mzee akanigeukia, uso umejaa upendo, "wewe sikutaka kukuharibia. Wewe ulikipenda cha asili. Kile chako ndicho kumbukumbu pekee iliyobaki ya sunroom yangu ya kwanza."

Ilikuwa nafasi yangu. Chumba kizima kilikuwa kinanisubiri. Avelina alikuwa ananitazama, midomo yake inasema bila sauti: mwambie.

Nikafungua mdomo.

"Asante sana, baba. Nakifurahia kila siku."

Avelina akashusha pumzi, akamsaidia Mama Queen kuchambua mchicha.

Halafu ikaja 2020, watu wote tukafungiwa ndani. Ofisi ikasema tufanyie kazi nyumbani. Mzee, kwa kuogopa corona, akawa hatoki na hatembelewi. Kitu kimoja tu kikawa kinamfariji: kunipigia kwa video nikiwa nimekaa kwenye chumba changu cha vioo, aone "kumbukumbu" yake.

Ananipigia kila siku, mchana, jua likiwa kali kuliko wakati wowote. Siwezi kupokelea sebuleni. Nilijaribu mara moja akauliza, "Vipi, umeugua?"

Kwa hiyo simu ikiita nakimbilia humo. Mke wangu anabaki kwenye kochi, kiyoyozi kinampuliza, anafunga mlango nyuma yangu ili joto lisimfuate.

Wiki hii, Agosti, nikamwambia Avelina nimeshindwa, namwambia Mzee leo leo. Akanikumbatia. Alifurahi kuliko siku ya harusi. Simu ikaita, nikaketi, nikapokea.

"Mwanangu! Pametulia huko?"

"Baba, nilikuwa nataka kukwambia jambo kuhusu chumba hiki..."

"Najua," akanikata, anacheka. "Avelina alimwambia Mama Queen kwamba siku hizi humo hutoki. Unashinda humo, unapokea simu zako zote humo. Nimeguswa sana. Nimeshaongea na mafundi. Huu ugonjwa ukipungua, tunakirefusha kifike mpaka chumba chenu cha kulala. Paa la kioo. Mtakuwa mnaamshwa na jua. Sasa, ulitaka kusema nini?"

Ndugu zangu, mnajua nilichojibu.

Tangu siku hiyo Avelina analala chumba cha wageni. Hajanuna, anasema anazoea tu mapema.

Funzo nililonalo ni hili. Mzee wa watu hakuwa na ubaya. Alituuliza kabisa, kwa mdomo wake, kama pametulia, na sisi wenye adabu tukamwacha achemke pamoja na sisi. Aliyevua shati ndiye aliyemheshimu. Mimi nilipata mke kwa uongo, yeye akapata baba kwa ukweli, na sasa mke mwenyewe namsikia akicheka na hao wawili kwenye simu kutoka chumba kingine. Ukiulizwa na mkubwa kama pana joto, mwambie pana joto, hata kama umekwenda kumwomba binti yake.

Haya nayaandika nikiwa humo humo ndani. Simu inaita, ni Mzee. Ngoja nijifute uso kwanza.